KIPYA KINYEMI: ULINGANISHI WA MARIKA YA KAMERA ZA DIJITALI KATIKA UKUSANYAJI WA FASIHI SIMULIZI, KITALE NA BUNGOMA

Ikisiri

Makala haya yanalinganisha miundo iliyofuatana ya kamera za dijitali zenye kioo na lenzi inayobadilishwa, zile zilizoundwa kwa ajili ya mnunuzi wa kawaida kuanzia mwaka 2003. Msingi wa ulinganishi ni kazi ya mtafiti wa fasihi simulizi nyanjani, hususan katika maeneo ya Kitale na Bungoma, magharibi mwa Kenya. Makala yanadai kwamba idadi ya pikseli, ambayo ndiyo hutangazwa zaidi, si kigezo kinachomfaa mtafiti huyo. Vigezo vinavyomfaa ni vinne: uwezo wa kupiga picha katika mwanga hafifu, uwezo wa kunasa utendaji kwa video na sauti, ustahimilivu mbele ya vumbi na uhaba wa umeme, na lenzi inayoambatana na kamera. Aidha, makala yanaonyesha namna majina ya miundo hii yanavyoweza kumpotosha mnunuzi, na yanapendekeza istilahi chache za Kiswahili za kuizungumzia.

1.0 Utangulizi

Wahenga walinena kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Methali hii huwaonya watu dhidi ya kukipenda kitu kwa sababu tu ya upya wake. Katika utafiti wa fasihi simulizi, onyo hili lina maana ya moja kwa moja. Mwanafunzi anayejiandaa kwenda nyanjani huwa na fedha kidogo, na fedha hizo zinapaswa kulipia nauli, malazi, kinasa sauti, betri na kamera. Akizimaliza zote kwa kununua kamera mpya, huenda akafika kwenye matanga bila kinasa sauti. Akinunua kamera isiyofaa, atarudi na picha zenye ukungu za tukio ambalo halitarudiwa.

Hasara hiyo si ndogo. Fasihi simulizi huishi katika utendaji. Maneno yaliyonukuliwa daftarini huhifadhi sehemu tu ya kazi. Ishara za mikono, mwendo wa mtendaji, maleba, mpangilio wa hadhira na mwitiko wake, yote hayo hupotea pasipo picha. Katika wilaya za zamani za Bungoma na Trans Nzoia, ambazo tangu mwaka 2013 ni kaunti, tanzu kadhaa hutendwa mara chache. Jando la Babukusu, mathalani, hufanyika mwezi wa Agosti wa miaka inayogawika kwa mbili. Mtafiti aliyeshindwa kupata picha nzuri mwaka mmoja hulazimika kungoja miaka miwili. Kumuse, yaani hotuba ya kijadi inayotolewa baada ya maziko ya mzee mwenye hadhi, haina ratiba kabisa. Hutokea kifo kinapotokea.

Kwa hiyo swali la kamera gani inunuliwe ni swali la mbinu za utafiti, wala si la anasa. Makala haya yanalijibu kwa kupitia hasa ukoo mmoja wa kamera za kampuni ya Canon, kuanzia EOS 300D ya mwaka 2003 hadi EOS 550D ya mwaka 2010, na kuulinganisha inapobidi na ukoo wa Nikon. Ukoo huu umeteuliwa kwa sababu miundo yake ilifuatana kwa karibu, na kwa sababu kamera hizo hupatikana leo zikiwa mitumba, jambo linalozifanya kuwa ndani ya uwezo wa mwanafunzi.

2.0 Namna Kamera ya Kioo Inavyofanya Kazi

Kabla ya kulinganisha, ni muhimu kufafanua sehemu za chombo chenyewe. Mwanga huingia kupitia lenzi na kukutana na kioo kilichoinama. Kioo hicho huurusha juu, ukafika kwenye jicho la mpiga picha kupitia tundu la kutazamia. Kwa hiyo mpiga picha huona kile kile ambacho lenzi inaona. Anapobonyeza kitufe, kioo huinuka, shata iliyo nyuma yake hufunguka kwa muda mfupi sana, na mwanga hukiangukia kihisi. Kihisi ni bapa dogo lililogawanywa katika mamilioni ya visehemu vinavyoitwa pikseli, ambavyo kila kimoja hupima mwanga kilioupokea. Baada ya hapo shata hufunga, kioo hurudi mahali pake, na picha huandikwa kwenye kadi.

Mambo matatu huamua kama picha itapata mwanga wa kutosha. La kwanza ni ukubwa wa tundu la lenzi, ambao huandikwa kwa alama kama f/1.8 au f/5.6. Hapa msomaji aangalie: kadiri tarakimu inavyokuwa ndogo, ndivyo tundu linavyokuwa kubwa. La pili ni muda wa shata, kwa mfano sehemu moja ya 30 ya sekunde. La tatu ni kipimo cha ISO, yaani wepesi wa kamera kuitikia mwanga. ISO ikiongezwa mara mbili, mwanga unaohitajika hupungua kwa nusu. Ulinganishi wote unaofuata umejengwa juu ya mambo haya matatu.

3.0 Majina ya Marika

Makala haya yanatumia neno 'rika' kwa maana ya kundi la kamera zilizotoka wakati mmoja na zenye sifa za pamoja. Neno hili limeteuliwa kwa makusudi. Babukusu wana mfumo wa marika manane: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma na Sawa. Majina hayo huzunguka, na anayelijua jina la rika la mtu anaweza kukadiria umri wake na nafasi yake miongoni mwa wenzake. Jina la rika, basi, ni habari.

Majina ya kamera hayana uaminifu huo. Ukoo wa Canon ulianza kwa utaratibu unaoeleweka: 300D (2003), 350D (2005), 400D (2006), 450D (2008), 500D (2009), 550D (2010), 600D (2011), 650D (2012) na 700D (2013). Kila rika liliongeza 50 juu ya lililotangulia. Mtu angeweza kuhitimisha kwamba tarakimu kubwa huashiria kamera mpya na bora. Hata hivyo, mwaka 2008 kampuni hiyo ilitoa 1000D, kamera ya daraja la chini kuliko 450D ya mwaka uo huo. Mwaka 2011 ikafuata 1100D, yenye pikseli milioni 12.2, ilhali 550D iliyoitangulia kwa mwaka mmoja ilikuwa na milioni 18. Tarakimu nne, katika ukoo huu, zilimaanisha udogo.

Kwa upande wa Nikon, tarakimu zilirudi nyuma kabisa. D70 ilitoka mwaka 2004, D50 mwaka 2005 na D40 mwaka 2006. Hapo tarakimu ilikuwa ikionyesha daraja la bei, wala si mfuatano wa wakati.

Kisemantiki, tarakimu hizi si hesabu bali ni nomino za pekee. Hazijumlishwi wala hazilinganishwi kwa ukubwa, sawa na vile namba ya basi haielezi mwendo wake. Mnunuzi asiyelitambua hili anaweza kulipa zaidi kwa 1100D kuliko 550D akidhani kwamba amepanda daraja.

Kuna utata mwingine. Kamera moja ilipewa majina tofauti kulingana na soko. Ile inayojulikana Afrika na Ulaya kama 550D iliitwa Rebel T2i katika Amerika ya Kaskazini na Kiss X4 nchini Japani. Kwa kuwa mitumba hufika Kenya kutoka pande nyingi, na nyingine huletwa na jamaa walio ng'ambo, mtafiti anaweza kukutana na majina yote matatu katika duka moja. Chombo ni kile kile. Hata chaja zake hukubali umeme wa volti 100 hadi 240, kwa hiyo tofauti ni ya plagi tu.

4.0 Ulinganishi wa Marika

4.1 Idadi ya Pikseli

Tangazo la kamera aghalabu huanza na idadi ya pikseli. Marika sita yanayochunguzwa yalipanda hivi:

300D (2003): milioni 6.3
350D (2005): milioni 8
400D (2006): milioni 10.1
450D (2008): milioni 12.2
500D (2009): milioni 15.1
550D (2010): milioni 18

Katika miaka saba idadi iliongezeka karibu mara tatu. Hata hivyo, ongezeko hilo lina udanganyifu wa hesabu. Pikseli hupangwa katika eneo, yaani marefu kwa mapana. Picha ya 300D ina pikseli 3,072 kwa 2,048, na ya 550D ina 5,184 kwa 3,456. Marefu, basi, yameongezeka kwa asilimia 69 tu. Kutoka 400D hadi 450D, marefu yaliongezeka kwa takriban asilimia 10, tofauti ambayo jicho huitambua kwa shida.

Swali la msingi ni hili: picha itatumiwa wapi? Picha ya kawaida ya inchi 6 kwa 4, ikichapishwa kwa nukta 300 katika kila inchi, huhitaji pikseli 1,800 kwa 1,200, yaani milioni 2.2 hivi. Picha kutoka 300D inaweza kuchapishwa kwa kiwango hicho hicho ikawa na urefu wa sentimita 26 na upana wa sentimita 17. Ukubwa huo unatosha kwa tasnifu, kwa jarida na kwa kitabu cha kawaida. Pikseli za ziada humfaa anayetaka kukata sehemu ndogo ya picha, kwa mfano uso wa mwimbaji mmoja kati ya hadhira, au anayechapa bango.

Isitoshe, pikseli za ziada zina gharama. Vihisi vya marika haya yote vina ukubwa unaokaribiana, takriban milimita 22 kwa 15. Kwa hiyo kila ongezeko la pikseli lilimaanisha kupunguza ukubwa wa kila moja, kutoka kama elfu 7.4 za milimita katika 300D hadi elfu 4.3 katika 550D. Faili nazo huwa kubwa zaidi, na tarakilishi ya zamani huzifungua kwa kusuasua. Nikon ilipotoa D40 mwishoni mwa mwaka 2006 ikiwa na pikseli milioni 6.1 pekee, miezi michache baada ya Canon kutoa kamera ya milioni 10, ilikuwa ikikiri kwa vitendo kwamba wanunuzi wengi hawakuhitaji zaidi.

4.2 Mwanga Hafifu

Hapa ndipo tofauti ya kweli ilipo. Sherehe ya jando la Babukusu hufikia kilele alfajiri, mtahiriwa anapopelekwa mtoni kupakwa tope kisha kurudi nyumbani akisindikizwa kwa wimbo wa Sioyaye. Mwendo huo hutukia mwanga ukiwa bado haujakolea. Mtafiti anahitaji kuwanasa watu wanaotembea, wengine wakiruka na kucheza, pasipo jua.

Flashi iliyojengwa ndani ya kamera haisaidii sana. Nguvu yake haikubadilika katika marika yote sita: kwa ISO 100, na tundu likiwa f/5.6, mwanga wake hufika umbali wa mita 2.3 tu. ISO ikipandishwa hadi 400, umbali huwa mita 4.6. Zaidi ya hapo ni giza. Tena mmweko wa ghafla mbele ya kijana aliye katika saa nzito ya maisha yake ni uvamizi ambao wazee wana haki ya kuukataa.

Kinachobaki ni ISO. Marika sita ya ukoo huu, yakiwemo manne ya kwanza yaliyoishia ISO 1600, yanaonyesha hatua mbili. 300D, 350D, 400D na 450D zote ziliishia 1600. 500D ilifika 3200 katika kiwango chake cha kawaida. 550D ilifika 6400. Chukulia kwamba katika alfajiri fulani kamera ya 400D, ikiwa imewekwa ISO 1600, inahitaji sehemu moja ya 30 ya sekunde. Mtu anayetembea kwa mwendo wa mita 1.5 kwa sekunde atakuwa amesogea sentimita 5 kabla shata haijafunga, na uso wake utatoka kama moshi. Kwa 550D iliyowekwa ISO 6400, muda huo hupungua hadi sehemu moja ya 120, na mtu husogea sentimita 1.25 pekee. Picha itakuwa na chembechembe, lakini uso utatambulika. Kwa mtafiti, picha yenye chembechembe ina thamani kuliko picha laini isiyosomeka.

Hata hivyo, hitimisho kwamba 550D ni ya lazima lingekuwa la haraka. Lenzi iliyouzwa pamoja na kamera hizi zote ni ile ya milimita 18 hadi 55, ambayo ikivutwa hadi mwisho tundu lake haliwi kubwa kuliko f/5.6. Canon ilikuwa pia ikiuza lenzi ndogo, nyepesi na ya bei nafuu ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8. Tundu hilo hupitisha mwanga zaidi ya mara tisa kuliko f/5.6. ISO ya 6400 huipa 550D faida ya mara nne tu juu ya 400D. Hivyo basi, kamera ya mwaka 2006 yenye lenzi ya f/1.8 huishinda kamera ya mwaka 2010 yenye lenzi ya kawaida, kukiwa na giza. Muda uliokuwa sehemu moja ya 30 utashuka hadi karibu sehemu moja ya 290.

Lenzi hii ina mipaka yake. Haivuti wala haipanui, kwa hiyo mpiga picha hulazimika kusogea kwa miguu, na kitu kilicho mbele au nyuma kidogo ya shabaha huwa na ukungu. Lakini ina sifa moja zaidi: lenzi za ukoo wa EF, ulioanza mwaka 1987, huingia katika kila kamera iliyotajwa hapa. Anayeinunua leo ataihamisha hadi kamera yake ijayo. Kwa Nikon mambo ni tofauti kidogo. D40 na dada zake wadogo hazina mota ndani ya kamera, kwa hiyo lenzi za zamani zisizo na mota yake zenyewe hulazimika kulengwa kwa mkono. Mnunuzi aulize kabla ya kulipa.

4.3 Wepesi, Vumbi na Umeme

Baadhi ya maboresho hayakutangazwa kwa sauti kubwa ilhali ndiyo yanayoamua mafanikio nyanjani. 300D ilichukua takriban sekunde tatu kuamka baada ya kuwashwa. Ilipiga picha nne mfululizo, kisha ikasimama kuziandika kwenye kadi. 350D iliamka kwa sehemu ndogo ya sekunde na ikaweza kupiga picha 14 mfululizo. Katika utendaji, sekunde tatu ni muda ambao fanani anaweza kuanza na kukamilisha ishara iliyobeba maana ya kifungu kizima. Kutoka rika la kwanza hadi la pili, basi, kuna hatua kubwa kuliko tofauti ya pikseli inavyodokeza.

Vumbi nalo lina nafasi yake. Trans Nzoia ni ghala la mahindi la Kenya, na wakati wa mavuno mashine za kupukuchua hujaza hewa makapi na vumbi. Bungoma, mashamba ya miwa yanapochomwa, masizi hupeperuka mbali. Mtafiti anayebadilisha lenzi katika mazingira hayo huliruhusu vumbi kukaa juu ya kihisi, na doa moja litaonekana katika kila picha itakayofuata. 400D ilikuwa ya kwanza katika ukoo huu kuwa na kihisi kinachotikiswa ili kukung'uta vumbi kila kamera inapowashwa na kuzimwa. 1000D ilipewa uwezo huo pia, 1100D haikupewa. Hii ni hoja nyingine ya kutoziamini tarakimu.

Kadi na betri ni suala la gharama. 300D, 350D na 400D hutumia kadi za CompactFlash, ambazo leo ni vigumu kuzipata katika miji midogo. Kuanzia 450D, ukoo ulihamia kadi ndogo za SD, zinazouzwa hata katika maduka ya simu. Kuhusu betri, 350D na 400D hutumia aina moja, 450D na 500D hutumia nyingine, na 550D hadi 700D hutumia ya tatu. Watafiti wawili wanaosafiri pamoja hadi vijiji vya miteremko ya Mlima Elgon wakichagua kamera za kundi moja la betri, watakuwa na akiba ya pamoja na chaja moja itawatosha.

4.4 Video na Sauti

Hadi mwaka 2008 hakuna kamera ya aina hii iliyonasa video. Nikon D90 ndiyo iliyofungua mlango mwaka huo. Katika ukoo wa Canon unaochunguzwa, 500D ya mwaka 2009 ilikuwa ya kwanza, lakini video yake ya kiwango cha juu ilikuwa na fremu 20 tu kwa sekunde, jambo linaloufanya mwendo uonekane wa kugutukagutuka, na haikuwa na soketi ya maikrofoni ya nje. 550D ilitatua yote mawili: fremu 24, 25 au 30 kwa sekunde, na soketi.

Kwa utafiti wa kumuse, hatua hii inaonekana kama ukombozi. Mtambaji wa kumuse husimulia historia ya ukoo na ya jamii, hutoa mawaidha na kukosoa maadili ya waliobaki, huku akitembea na kurudi mbele ya umati. Lugha na mwendo havitengani. Lakini kuna kikwazo. Faili moja ya video katika 550D haiwezi kuzidi gigabaiti 4, ambazo katika kiwango cha juu hujaa kwa takriban dakika 12. Kumuse huweza kuendelea kwa saa nyingi. Kila dakika 12 kamera husimama na kungoja kubonyezwa tena, na hakuna mtambaji anayemngojea mtafiti. Aidha, maikrofoni ya ndani hunasa upepo na mlio wa lenzi pamoja na sauti.

Suluhisho la kimbinu ni kutenganisha kazi. Kinasa sauti kinachoendeshwa kwa betri za kawaida huwekwa karibu na mtambaji na kuachwa kinase bila kukatizwa. Kamera hupiga picha za mgando, na mahali panapohitajika, video fupi. Mtafiti akipiga kofi moja mbele ya kamera mwanzoni mwa kila video, sauti ya kofi hilo humsaidia baadaye kulinganisha video na sauti kwenye tarakilishi. Kwa mpango huu, mwenye 450D na kinasa sauti hurudi na matini kamili, ilhali mwenye 550D peke yake hurudi na matini yenye mapengo.

5.0 Rika Lipi kwa Kazi Ipi?

Kutokana na ulinganishi huu, mapendekezo yafuatayo yanatolewa.

Mosi, mtafiti anayehitaji picha za mgando pekee, kwa mfano za zana, maleba na mazingira, atatoshelezwa na 400D au 450D. Kati ya hizo mbili, 450D ina nafuu ya kadi za SD na skrini kubwa ya inchi 3. 300D iachwe, si kwa sababu ya pikseli zake bali kwa sababu ya uzito wake wa kuamka.

Pili, anayekwenda kwenye matukio ya alfajiri au ya usiku anunue lenzi ya f/1.8 kabla ya kufikiria kubadilisha kamera.

Tatu, anayehitaji video aanzie 550D, na asiihesabu kuwa mbadala wa kinasa sauti. Marika yaliyofuata, 600D, 650D na 700D, yalibaki na pikseli milioni 18. Yaliongeza skrini inayokunjuka, kisha skrini ya kugusa. Hayo ni mastarehe mema, si mahitaji.

Nne, kila kamera ya mtumba ikaguliwe. Lenzi ielekezwe kwenye mwanga ili kuonekana kama ina kuvu. Picha ya ukuta mweupe ipigwe kwa tundu dogo ili madoa ya vumbi yajitokeze. Shata nayo huchakaa kwa idadi ya picha ilizopiga, wala si kwa miaka. Kamera ya mwaka 2010 iliyofanya kazi katika studio ya harusi inaweza kuwa imechoka kuliko ya mwaka 2006 iliyokaa kabatini.

6.0 Kamera na Idhini

Kulinganisha vyombo pasipo kuzungumzia wanaopigwa picha kungekuwa kasoro. Kadiri kamera inavyopata uwezo wa kuona gizani, ndivyo inavyoweza kunasa yale ambayo wenyewe hawakukusudia yaonekane. Katika jando, watahiriwa ni watoto. Sheria ya Kenya ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na semi za kitamaduni, pamoja na ile ya mwaka 2019 ya ulinzi wa data, zinamtaka mtafiti kutambua haki za jamii na za mtu binafsi. Idhini ya mzazi, ya mzee wa ukoo na ya kijana mwenyewe itafutwe kabla ya siku ya tukio, wala si baada ya kitufe kubonyezwa.

Vilevile picha zirudi kwa jamii. Makumbusho ya Kitale yana chimbuko lake katika mkusanyiko wa mlowezi mmoja, Hugh Stoneham, ulioanza kuitwa makumbusho mwaka 1926, kabla ya kufunguliwa kama makumbusho ya taifa mwaka 1974. Historia hiyo inafundisha kwamba kilichokusanywa na mtu mmoja huweza kuwa mali ya wengi endapo kitapangwa na kuandikiwa maelezo. Picha isiyo na tarehe, mahali na jina la utendaji ni karatasi tu, hata ikiwa na pikseli milioni 18.

7.0 Hitimisho

Ukoo ulioanza na 300D, kamera ya kwanza ya aina yake kuuzwa kwa chini ya dola 1,000 za Marekani, ulifika 850D mwaka 2020. Kufikia hapo watengenezaji walikuwa wameelekeza nguvu zao kwa kamera zisizo na kioo. Mabadiliko hayo yamezishusha bei kamera za kioo, na huo ndio mwanya wa mwanafunzi. Chombo kilichokuwa cha kifahari wakati kinatoka sasa kinaweza kununuliwa pamoja na lenzi, kinasa sauti na betri za akiba.

Makala haya yameonyesha kwamba maendeleo ya marika hayakuwa mstari mmoja ulionyooka. Hatua iliyotangazwa sana, ile ya pikseli, ndiyo iliyomfaa mtafiti kidogo zaidi. Hatua zilizomfaa zilifichika katika sekunde za kuamka, katika kihisi kinachojikung'uta, katika aina ya kadi na katika soketi ndogo ya maikrofoni ubavuni mwa kamera. Mtafiti wa Kitale au Bungoma anapokwenda dukani, na aanze kwa kuandika orodha ya tanzu anazokusudia kukusanya, saa zitakapotendwa na muda zitakaochukua. Orodha hiyo ikishakamilika, kamera inayofaa itajulikana hata kabla ya jina lake kutajwa.